Shikamoo ya Zuhura

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha ushauri wa watoto, Mbagala, nilifika saa nzima kabla ya mlango kufunguliwa, nikiwa na rula, kalamu za rangi nne na madaftari niliyojifunzia mwenyewe nyumbani. Mwaka huu nimeacha kazi hiyo, nina miaka thelathini na mbili. Wenzangu hucheka nikisema nimestaafu. Nyie mnaoianza, nawaachia aibu yangu.

Msimamizi wa kituo alinikabidhi Zuhura, wa miaka minane. Nyumbani aliongea, mbele ya wengine sauti ilikauka. Mtaani walisema hana adabu, maana hakumwamkia mtu. Shuleni hakuitika jina, na mwalimu alishatishia kumrudisha darasa.

Dawa yetu ilikuwa ngazi ya woga: mtoto anapanga yanayomtisha, dogo chini, kubwa juu, kisha anayakabili moja moja mpaka ayazoee. Yangu niliichora vizuri mno, nikaibandika ukutani. Lakini kila Zuhura alipokwama mbele ya mtu, nilimwonea huruma nikamsemea: "Huyu anakuamkia." Miezi mitatu, hakupanda hata kidato kimoja.

"Hiyo shikamoo ni yako au ya mtoto?" msimamizi aliniuliza.

Akamhamishia kwa Mwanahamisi, mwenzangu aliyechora ngazi zake kwenye karatasi za kufungia maandazi. Mwanahamisi alikaa tu, akasubiri. Kimya kile kilinitoa jasho nikiwa chumba cha pili. Wiki ya sita nikasikia, nyembamba kama uzi:

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Kesho hiyo tunampelekea mlinzi wa getini."

Niliingia chooni nikalia, wala si kwa furaha. Mungu anisamehe, niliomba Zuhura ashindwe mbele ya mlinzi.

Hakushindwa. Muhula uliofuata akaitika jina.

Mkiniuliza kama tiba hii inawafaa watoto wenye hofu, nasema inawafaa wengi. Si wote, na wapo wanaorudi nyuma. Ila lazima umwache mtoto aogope mbele yako, nawe uvumilie. Mie hofu niliyokuwa naituliza ilikuwa yangu.

Juzi, stendi ya Mbezi, nikasikia nyuma yangu: "Shikamoo, anti." Zuhura, mrefu sasa, sauti imenyooka. Nikaitika marahaba, kifua kimejaa.

"Anti Mwanahamisi hajambo?"

"Hajambo," nikasema. "Anakusalimia sana."

Hakuwa amenituma.