Gari la Nusu la Mzee Esmailji

Mie Mwanasiti sina subira na wanaosema Mzee Esmailji alikuwa mwendawazimu. Mwendawazimu gani achonge usukani wa mbao miezi mitatu, aupime kila jioni kwa rula, na usipolingana aanze upya?

Tulikuwa majirani pale Usagara, yeye na duka lake la misumari na bawaba, mie na cherehani yangu barazani. Miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, duka lake likabaki rafu tupu. Wenzake walikaa wakipiga miayo. Yeye akatoa picha ya gari la zamani, yale ya mwanzo mwanzo yenye magurudumu kama ya baiskeli, ambalo babu yake aliwahi kuliendesha hapa Tanga, akasema atalitengeneza kwa nusu ya ukubwa wake. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Miaka sita baadaye, loo! Likatoka uani linanguruma kwa injini ya pampu ya maji, taa zimekatwa kwenye sinia la shaba la mkewe, Zohra, na viti nimeshona mie. Watu wawili walienea kwa kubanana. Kila Ijumaa baada ya swala alimzungusha Zohra mtaa mzima, nami nikijisikia kama nimelizaa mie.

Ruksa ya biashara huria ilipokuja, maduka yakajaa vitu, magari ya Kijapani yakajaa barabarani. Na macho ya Zohra yakaingia ukungu, yote mawili. Daktari akasema akapasuliwe Moshi. Esmailji hakuwa na kingine cha kuuza. Akaandika kwenye kadibodi: "Gari linauzwa. Linatembea." Neno la mwisho akalipigia mstari.

"Nitamuuzia atakayeliendesha," aliniambia. "Wa kulivunjavunja asije."

Ukapita mwezi wa watu kuja kushangaa tu. Mwisho akapatikana Sabiri, mwenye mabanda ya wageni kule Ushongo. Alitaka wageni wake walipande. Wakaahidiana Jumamosi, saa nne asubuhi. Mzee alifurahi kama kijana aliyekubaliwa posa.

Sasa, mzee yule alikuwa na sharti lake la duka. Mteja wa kwanza wa siku harudishwi mikono mitupu. Ukimrudisha, umefukuza riziki ya siku nzima. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote, mie ndiye niliyekwenda kumfungulia biashara kwa kununua kitu kidogo: utambi, kiberiti, pini mbili. Alisema mkono wangu una heri.

Ijumaa ile nikaenda kuviaga viti vyangu. Mzee akanitania mbele za watu: "Sabiri atavishona upya hivi, mshono umekwenda upogo." Watu wakacheka. Ebo! Nikanuna. Nikasema moyoni, kesho ajifungulie mwenyewe.

Jumamosi, saa moja tu, akaja Rafaeli, mkulima wa nyanya wa Pongwe. Nilimsikia nikiwa kitandani, maana ukuta wetu mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata misumari?"

"Nimefuata injini ya hilo gari. Nyanya zangu zinakauka. Bei yako yote nakupa, bodi baki nalo."

Nikaruka, nikatoka mbio hata viatu sikuvaa.

"Mzee, mwambie limeshauzwa!"

"Sabiri hajalipa, Mwanasiti. Uongo sisemi. Na huyu ndiye wa kwanza."

"Basi nipe pini mbili! Haraka!"

"Umechelewa," akasema, bila hasira. Afadhali angenitukana.

Alishika spana mwenyewe, akafungua nati moja moja, kila moja akaifuta kwa kitambaa kabla ya kumpa Rafaeli. Sabiri alipofika saa nne, akaliangalia gari, akatikisa kichwa, akaondoka zake.

Zohra alipasuliwa, alhamdulillahi, akapona. Mumewe hakumweleza habari za injini, asije akaenda Moshi na majonzi. Siku waliyorudi, Zohra akaingia uani, akafunua turubai.

"Kumbe hamkuliuza!" Akapanda, akakaa, akapapasa usukani, machozi yanamtoka. "Njoo upande. Nataka nilione likitembea."

Mzee akapanda. Mie nikaenda nyuma, nikaanza kusukuma. Tulipofika kwenye lango Zohra akageuka.

"Mbona halingurumi? Injini iko wapi?"

"Pongwe. Inamwagilia nyanya. Alikuja mteja wa kwanza."

"Mteja wa kwanza yupi? Mwanasiti hakuja kukufungulia?"

Nikaacha kusukuma. Nilitamani ardhi inimeze.

"Siku ile alikuwa mgonjwa," akasema Mzee Esmailji. "Homa kali. Hata kuinuka hakuweza."

"Pole, Mwanasiti," akasema Zohra.

Nikainamisha kichwa, nikasukuma.