Wi-Fi ilibadilisha jina siku ya liste

Leo mi nilikaribia kukosesha avenue yetu, mtaa muzima, nyumba.

Mugodi unatufukuza hapa tunaishi. Mwenye jina lake halifike kwa kamati ya kuhamisha batu mbele ya saa sita ya muchana leo hatapata kiwanja kingine.
Liste ya majina yetu yote iko mu ordinateur yangu, kompyuta ya nyumbani, na mi fundi mukubwa asubui niliipatia système mupya, ile programu kubwa inaendesha mashini!

Wi-Fi ikakufa. Simu nayo, hakuna réseau, mtandao wote umekatika.

"Tata, nani alikutuma kuigusa leo?" jirani yangu Mama Kapinga akauliza.
Nikaanza kuchunguza kadi ya Wi-Fi.

Kumbe système mupya ilipatia kadi ya Wi-Fi jina ingine, wlp3s0, na programu yangu ya kuunganisha ingali inatafuta jina la zamani, wlan0.
Nikabadilisha jina mu programu, Wi-Fi ikarudi, liste ikaenda kwa kamati. Zilibakia dakika mbili saa sita ifike.

"Bamejibu?" Mama Kapinga akauliza.

Mpaka sasa, hapana.
Nyie benye mulishafukuzwa, kwenu kamati ilijibu?