Upande wa Mjomba

Juzi pale Kwa Mathias nilipita kwenye nyumba inayojengwa, fundi akimwagia chokaa maji, ule mvuke wake mkali ukanipanda puani. Sikutulia tena. Nilinunua debe moja la chokaa, na kesho yake nikashika njia ya kwetu Kurui.

Kwetu, rafiki yangu, palikuwa na kaburi ambalo watu walitoka hata Mlandizi kuja kulizuru. Ukuta wake wa pande nne ulinifika kifuani, na kichwani ulisimama mnara wa pembe nane wenye bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye lipu. Walisema mawe yake ya matumbawe yalibebwa vichwani kutoka pwani, zamani ambazo hata bibi yangu hakuzijua.

Mjomba, mwana wa pekee wa kiume wa bibi, alipochukuliwa uaskari akapelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari, bibi aliweka nadhiri. Mungu akimrudisha salama, atalipaka kaburi lote chokaa.

Vita vikaisha. Wenziwe wakarudi na makoti yao makubwa. Yeye hakurudi, na habari zake hazikuja. Bibi akawa hakai. Anateleka kisamvu, anakiacha kinaungua, yuko nje anachungulia njia. Nami akaniambukiza: mbwa akibweka tu, nimeshafika uani na tonge mkononi. Nakwambia kweli, kuna siku nilimchukia mjomba kwa kutuweka roho juu namna ile.

Asubuhi moja bibi akachoka kungoja. Tulichoma makombe ya pwani, yale maganda ya chaza, juu ya magogo, tukayazima kwa maji yawe chokaa. Kazi yangu ilikuwa kuchota na kuchekecha, macho yakiniwasha. Jirani akaja, akasimama mkono kiunoni.

"Shoga, nadhiri gani hiyo inatolewa, na mtu hajapewa alichoomba?"

"Siitoi," bibi akamjibu bila kugeuka. "Namkumbusha Mungu tu."

Akapaka mnara, akapaka pande tatu. Upande wa nne, ule uliotazama njia, akauacha na weusi wake. Nilipousogelea na brashi alinidaka mkono.

"Huo wa mjomba wako. Akija atapaka mwenyewe."

Alifanya hivyo kila mwaka kabla ya Ramadhani, mpaka nguvu zikamwishia.

Sasa mnara umeanguka, mawe yametawanyika, na bakuli zimeng'olewa. Njia ya zamani imekuwa shamba la mihogo. Mvua zimeila chokaa ya bibi, pande zote nne ni nyeusi sawasawa. Nilizunguka, nikazunguka tena, debe mkononi, nikiutafuta upande wa mjomba. Sikuujua. Nikaogopa kuupaka kwa bahati mbaya.

Nimerudi na debe langu halijafunguliwa. Liko nyuma ya mlango, na mbwa akibweka, bado natoka kuangalia.