Kigae cha Kuombea Moto

Baba yangu aliitwa Semana, mama yangu Nyirabahire, nami nilizaliwa hapa hapa Kagugu, wakati kilima hiki kilikuwa mashamba ya mtama na maharage. Shule sikuiona. Andika kwa Kiswahili, mjukuu wangu, ili binamu zako walioko Bukoba nao wasome, wala usinipambie maneno. Nimechoka.

Jana gesi iliisha maharage yakiwa hayajaiva. Ulipiga simu, kijana wa pikipiki akaleta mtungi kutoka Nyabugogo, tukala kwa kuchelewa. Nyuma ya ukuta jirani alikuwa akipika. Harufu ya vitunguu vyake ilitufikia. Hakuna aliyefikiria kumwita, kwa kuwa yeye na mama yako hawasalimiani tangu ukuta ule ujengwe. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa dini.

Alikuwa katekista, mzee mrefu ambaye kiko hakikumtoka mdomoni. Alitufundisha nyuma ya kanisa la udongo, tukiwa tumekalia majani makavu ya migomba, tukinuka moshi na maziwa. Wahubiri unaowasikiliza kwenye simu hueleza mpaka neno linabaki mfupa mtupu. Yeye alikuachia jambo, ukaenda nalo nyumbani likikusumbua. Mwaka niliotarajiwa kubatizwa, alitaka kila mtoto aiseme sala ya Baba Yetu hadi mwisho. Mimi, kila nilipokaribia mahali pa kusamehe, aliinua kidole. "Hapo bado," alisema, akamwita mwingine. Wenzangu walinicheka, wakaniita Nusu Sala. Pasaka ilikuwa inakaribia, na bila sala nzima hapakuwa na ubatizo. Gauni jeupe la kuazima lilikuwa limeshakunjwa kikapuni.

Siku hizo mtu hakutumia kibiriti ikiwa jirani ana moto. Mtoto alitumwa na kigae cha chungu kilichovunjika, akaombe makaa, akayafunika kwa majivu na kukimbia. Lakini mbuzi wa jirani yetu alikuwa amekula majani ya viazi vyetu, na mama alikuwa ameapa kwamba moto wa nyumba ile hautaingia kwetu. Mvua za masika zilipozima jiko letu, nilitumwa kwa shangazi, ng'ambo ya bonde. Nikarudi na makaa meusi. Nikatumwa tena.

Katekista alinikuta njiani nikilia. Alitazama ndani ya kigae, akanifuata nyumbani. Aliketi kwenye kigoda, akajaza kiko tumbaku, akamwomba mama moto.

Kumnyima mgeni moto wa kiko kulikuwa aibu kubwa kwetu. Mama alisema kuni zimelowa. Alisema nitatumwa tena kwa shangazi.

"Nitasubiri, mama," alijibu.

Hakutaja msamaha. Hakutaja mbuzi. Alisubiri, kiko kikiwa baridi mdomoni, matone yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Mwishowe mama alinipokonya kigae, akavuka mwenyewe ua wa minyaa. Tukamsikia jirani akisema, "Nilidhani siku hizi mnakula vibichi, kama yule mbuzi wangu." Kisha mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mavuno.

Akarudi na makaa mekundu. Katekista akawasha kiko, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake niliposema sala, kidole chake hakikuinuka. Hakuna aliyenieleza kitu, lakini nilipofika pale pa kusamehe niliyaona makaa yale mikononi mwa mama. Pasaka nikabatizwa.

Mzee yule hayupo. Minyaa imeng'olewa, na hakuna tena anayehitaji moto wa mwenzake; kila nyumba ina wake ndani ya mtungi, na ukuta wa kuuzunguka. Haya yananichosha kuliko uzee.

Sasa sikiliza. Kigae kile kipo chini ya kitanda changu, kimefungwa kwa kitambaa. Kitunze, wala usikitundike ukutani kama pambo. Watoto wako wakiuliza ni cha nini, usiwaeleze, watume nacho. Na gesi itakapoisha tena, usipige simu popote. Mpe mama yako hicho kigae, umwambie kwamba bibi anataka chai, na kwamba nitasubiri.