Gauni Thelathini Juu ya Mibuni

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kanyakine, na mwaka ule tulikuwa wanawake wanne wenye cherehani, tumechoka kungoja Januari ili tushone sare za shule. Hospitali moja ikatwambia tujaribu gauni za thieta, chumba cha upasuaji, zile za buluu zinazovaliwa mara moja na kutupwa. Tushone thelathini. Zikimridhisha sista mkuu wa thieta, kazi ni yetu mwaka mzima; zisipomridhisha, turudi kwa sare. Nilishona nikiimba. Hata shingo ilipouma niliimba.

Kila gauni tuliifunga katika pakiti yake, tukabandika kijiduara cha manjano, makatoni yakaenda Nairobi kupigwa mionzi ya kuua vijidudu. Yaliporudi Jumamosi vijiduara vyote vilikuwa vyekundu, dalili kwamba mionzi imepita. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia dereva.

Makatoni niliyaweka sebuleni. Mama mkwe wangu akauliza hiyo mionzi inafanyaje kazi. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamweleza inavyopenya katoni, plastiki na kitambaa bila kufunguliwa mlango na mtu. Nilisahau kusema kwamba ikishapita haibaki. Kisha nikaenda zangu mazoezi ya kwaya.

Niliporudi, shamba lilikuwa la buluu. Mama alikuwa amechana pakiti zote thelathini, akaanika gauni kwenye kamba, na zilizokosa nafasi akazitandaza juu ya mibuni. Upepo wa mlimani ulizijaza mikono. Jirani alisimama njiani akauliza kama tumefungua hospitali.

"Nimezipunga hewa," mama akasema. "Hiyo kitu itoke, mtoto asiipumue."

Mtoto ni wangu, msichana wa miezi saba, na wakati huo alikuwa amelala mgongoni mwa bibi yake ndani ya leso. Nilitaka kulia, kicheko kikanitangulia. Nilicheka hadi nikaketi kwenye nyasi, huku najua kabisa kwamba kazi yetu ya mwaka mzima ndiyo ile inayopepea.

Jumatatu sista akaja kuzikagua; mama alikuwa bado hajaruhusu ziingie ndani. Kabla sijasema neno, mama akajitokeza mbele yangu.

"Sista, ni mimi nilifungua. Usiwanyime hawa kazi."

Nilimpenda saa ile kuliko nilivyowahi kumwambia.

"Shosho, mionzi haibaki kwa nguo," sista akasema. "Inaua vijidudu, imeenda. Sasa hizi haziwezi kuingia thieta kwa sababu zimefunguliwa."

Mama hakuamini. Alizidi kumkumbatia mjukuu wake. Basi sista akachukua gauni moja kutoka kwenye mbuni, akaivaa juu ya sare yake, akafunga mikanda, akanyoosha mikono.

"Lete mtoto."

Nikamchukua kwa mama, nikampa. Mtoto alianza kwa mateke. Akavuta mkono wa gauni, akatafuna ukingo wa shingo, kisha, kwa kuwa hakuwa na nepi, akakojoa kwa utulivu mkubwa kutoka kifuani mwa sista hadi magotini. Sista akanirudishia mtoto, akafungua mikanda, akapapasa sare yake nyeupe juu mpaka chini. Ilikuwa kavu.

"Shoneni zingine thelathini," akasema. "Kwa mshono sina swali."

Mama akauliza kama hizi za kwanza anaweza kubaki nazo, maana yeye hukamua ng'ombe asubuhi, na ng'ombe wetu ana mateke ya kumwaga maziwa.