Mninga Unaokwenda Ng'ambo

Juzi, katika shule ya kijiji cha Ujamaa karibu na Ihanja, bwana misitu alilinganisha mbao za mninga tunazouza ng'ambo na zile wanazouza nchi jirani, mwaka hadi mwaka. Wazazi wawili walimshikia chati, maana darasa halina ubao.

“Ndugu zangu, mstari wetu unakaribia kuwapita!”

Mama aliyeketi sakafuni na wanafunzi akainua mkono. “Ndugu bwana misitu, tuliomba kibali cha mninga mmoja tu, watoto wapate madawati. Lini?”

“Tukishawapita, mama.”

“Na wao huko wanawaambia watoto wao hivyohivyo?”

Bwana misitu akacheka, akatafuta meza aandike ombi upya. Haikuwepo. Mama akainama, akamwazima mgongo aandikie.

Simlaumu bwana misitu. Nilishangaa tu mwandiko wake ulivyonyooka.