Koti Nililowekeshwa Kendwa

Siku ya kwanza kazini, Bibi Msimamizi alinitandikisha kitanda kimoja asubuhi nzima. Hoteli ilikuwa ndogo, nyumba ya zamani ya Shangani yenye ngazi nyembamba, na mimi nilikuwa mwanamme pekee katika kitengo cha usafi wa vyumba. Nikishatandika, yeye anapitisha kiganja juu ya shuka, kisha anaivuta yote chini. Adhuhuri ilipoadhiniwa ndipo aliponiuliza nani alinifundisha kukunja pembe. Maana pembe ndiyo kazi yenyewe: shuka huvutwa, ikakunjwa mshazari, ikaingizwa chini ya godoro ili mgeni akijigeuza isichomoke. Nilimwambia nimefundishwa na mama yangu, kwa kanzu ya kaka yangu. Akanitazama, akanipa vyumba vya ghorofa ya pili.

Kanzu hiyo sina budi kuieleza. Kaka yangu Makame aliitwa vitani, vita vile vya Uganda, mimi nikiwa bado skuli. Wapo waliokwenda kwa moyo mkunjufu, siwakatai. Nyumbani kwetu Michenzani haikuwa hivyo. Wazee walinong'ona kuwa huko ni mbali, na sisi hapa hata unga tunaupangia foleni. Mama alimtaka akajifiche Makunduchi kwa mjomba wetu mpaka mambo yapoe. Makame akakataa. "Mama," alisema, "nkiitwa nkajificha, ntapita wapi katika mji huu?" Akaenda. Vita vikamalizika, wenzake wakarudi, yeye hakurudi, wala hakuna aliyetuletea habari ya kaburi.

Ami yetu na imamu wa mtaa walikuja kumuomba mama aridhie Makame asaliwe sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti asiyekuwepo. Mama aliwakaribisha, akawamiminia kahawa, kisha akawauliza watamsalia vipi mtu ambaye bado anasafiri. Wakanywa kahawa yao, wakaondoka. Kila Ijumaa mama aliifua kanzu ya Makame, akaipiga pasi ya mkaa, akanipa mimi niikunje. Nikikosa, narudia. Mtu akimuuliza habari za mwanawe, jawabu lilikuwa moja: "Yumo njiani." Nilimuonea huruma, na nilipokua nikamuonea hasira pia, kwa kuwa niliona anajidanganya na sisi anatudanganya. Alikufa na jawabu lile lile.

Basi hiyo ndiyo skuli yangu ya hoteli. Vijana wa leo wanasoma chuoni, wanatoka na vyeti, na taulo wanazikunja zikawa bata maji na tembo, wakazitilia na maua ya asumini. Mgeni anacheka, anapiga picha. Sisemi ni vibaya, lakini inua yule tembo utazame shuka ilivyokaa chini yake. Zamani tulifundishwa kwanza kukisoma kitanda. Mto uliotiwa katikati ni mume na mke waliogombana. Shuka isiyokunjamana ni mtu aliyelala kwenye kiti, au hakulala kabisa. Bibi Msimamizi alikuwa akituambia, "Kitanda kinasema. Ukishakisikia, nyamaza." Nimeyakuta maneno hayo yana faida hata kwenye ndoa.

Hoteli zilipozidi kaskazini nikahamia Kendwa, na miaka ikapita nikafanywa msimamizi mimi. Huko bosi wangu alikuwa Meneja, mtu wa haki lakini mkavu. Hakupenda wafanyakazi wazoeane na wageni. "Mgeni amenunua chumba," alisema siku ya mkutano, "hakununua maneno yako." Nilimtii miaka mingi, na sina ninachojutia isipokuwa kuchoka mgongo.

Kisha akaja Bwana Koti. Jina lake lilitushinda ulimi, na nchi yake sitaitaja kwa kuwa ana mama na ndugu huko. Alikuwa kijana mwembamba, umri wa Makame wakati ule. Alishuka kwenye gari ya hoteli, jua la Kendwa limesimama kichwani, naye amebeba mkononi koti zito la sufu ya kijivu, maana kwao ilikuwa baridi alipopanda ndege. Wapishi wakampa jina papo hapo. Alikuja kwa mapumziko mafupi tu, akayarefusha. Wageni waliokuja naye wakaondoka, wakaja wengine, wakaondoka. Alihama chumba cha mbele akaingia cha nyuma karibu na jenereta. Masika yalipoingia, hoteli ikabaki tupu na nusu ya wafanyakazi wakapewa likizo, naye yumo. Shuka yake kila asubuhi haikuwa na hata mkunjo mmoja.

Habari yake niliipata kidogo kidogo. Nchi yake ilikuwa vitani na vijana walikuwa wakiitwa kwa majina. Wengi hawakuvitaka vita vile ila walisema majumbani tu, mlango umefungwa. Wito wake ulifika kwa mama yake yeye akiwa huku. Nilikuwa nikifungua kabati kuweka taulo, nalitazama lile koti kwenye kitundikio, na moyo wangu unatulia. Maadamu liko kabatini, kijana yupo. Nilianza kuliwekea vidonge vya kufukuzia nondo, jambo ambalo halimo katika kazi za msimamizi.

Asubuhi moja mvua inanyesha nikalikuta koti limetandazwa kitandani. Yeye amekaa kwenye kiti, begi limefungwa. Aliniuliza kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, "Mzee Haji, wewe ungeitwa, ungekwenda?"

Nilimkumbuka Meneja na maneno yake. Halafu nikaziweka taulo chini, nikamhadithia habari ya Makame yote, na Makunduchi, na kanzu. Nilimwambia, "Kaka yangu aliogopa watu watamcheka. Wangemcheka mwaka, miaka miwili, halafu wangepata mwengine wa kumcheka. Mimi nisingekwenda. Na wewe usende." Nilisema hivyo kwa sauti, mimi niliyefundishwa kunyamaza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba mama yake anagongewa mlango kila siku, na kwamba ana mdogo wake ambaye karibu anatimiza umri wa kuitwa. "Wakinikosa mimi," alisema, "watamwangalia yeye." Nilikuwa nimejiandaa kushindana na aibu, na yeye hakuwa na habari na aibu. Nilikuwa mdogo wa mtu na mimi, na mpaka siku ile sikuwahi kujiuliza kama Makame alinifikiria alipokuwa akifunga mzigo wake.

Gari ilipopiga honi alisimama, akalitazama koti, akaliacha pale pale. Nilimkimbilia nalo mlangoni. Nikamwambia, huko baridi, mwanangu, vaa. Akatikisa kichwa. "Huko nitapewa jengine," akasema. "Hili niwekee. Nitakuja kulichukua."

Ujumbe wake wa kwanza ulinifika kwenye simu: amefika, mama yake mzima. Nikamjibu Alhamdulillahi. Baada ya hapo niliandika mara nyingi, na maneno yangu yakabaki pale pale bila ya kusomwa. Sijui zaidi ya hapo, na kila ninachokidhani sikipendi.

Hotelini tuna stoo ya vitu vilivyosahauliwa, miwani, chaja, makubadhi, vitabu. Ikipita miezi sita, chenye kufaa anapewa aliyekiokota na kisichofaa kinatupwa. Meneja alilikuta koti humo, akaniambia muda umeshapita, nilichukue au nilitoe. Nilimwambia halikusahauliwa, nimewekeshwa. Akasema hotelini hakuna kifungu hicho. Labda hakuna, lakini kwetu kipo: amana hairithiwi wala haiuzwi, unakaa nayo mpaka mwenyewe aje. Mwisho akaniambia, "Mzee Haji, liweke ofisini kwangu, nyuma ya mlango. Humo hakuna unyevu." Ndiyo maana nasema alikuwa mtu wa haki.

Nilipostaafu walinikatia keki, wakanipa seti ya shuka nyeupe, kama kwamba vitanda nilivyotandika havijanitosha. Nikarudi Michenzani na koti begani. Siku hizi vijana wa ghorofani huja kuniamkia, "Shikamoo, mzee," naitikia marahaba, wakakaa kunipa habari zao. Wengi wanaomba kuingia jeshini kwa sababu ndiyo ajira iliyobaki. Siwakatazi, njaa ina nguvu. Wakiniuliza mimi ningeitwa ningefanya nini, nilikuwa nikijibu haraka kwamba nisingekwenda. Siku hizi nachelewa kujibu. Bado nasema nisingekwenda, kwenye vita ambavyo anayekuita hawezi kumtazama mama yako usoni akamweleza ni vya nini. Lakini nauliza kwanza, "Una mdogo wako?"

Kila Ijumaa nalitoa koti kwenye roshani, nalipiga brashi, nalianika kivulini, kwa sababu sufu na hewa ya Unguja haviafikiani. Watoto wa chini huuliza nani anasafiri Ulaya. Muuza mitumba wa Darajani alikuja mpaka mlangoni na bei nzuri, nikamrudisha. Mke wangu, Bi Zuwena, hakuwa akisema kitu, mpaka Ijumaa iliyopita alipotoka jikoni akifuta mikono.

"Baba Asha," akasema, "hili koti la watu litakaa hapa mpaka lini? Mwenyewe yuko wapi?"

Nilikuwa na jawabu la mtu mwenye akili zake, nimeliweka tayari muda mrefu. Nikafungua mdomo nilitoe.

"Yumo njiani," nikamwambia.

Bi Zuwena alimuwahi mama yangu na Ijumaa zake za kanzu. Alishika mkono wa pili wa koti, tukalikunja.